Huo si wake, umegonga mguu

Leo siku ya tano na neno la Mzee wa Kitabu halijanitoka. Timu yetu ya kriketi ya Leicestershire imepanda daraja msimu huu wa 2025, binti yangu tumemfikisha chuoni na masanduku yake mawili, dada amejifungua mtoto wa kiume Jumanne alfajiri kule Likoni, mama na mwana wazima, alhamdulillahi. Yote hayo ya kushukuru, nami nimeshukuru. Lakini nikisimama kuosha vyombo, sauti ninayoisikia ni ya yule mzee.

Mnamjua. Ndiye yule wa shati la mikono mirefu hata jua likiwaka, anayeandika kila mpira kwa penseli kwenye daftari kubwa la mistari. Tumekaa benchi moja pale Grace Road, uwanja wetu hapa Leicester, misimu mingi sasa, baina yetu nafasi ya mtu mmoja, ambapo yeye huweka chupa yake ya chai na mimi mkoba wangu. Asubuhi tunaitikiana vichwa. Jioni tunaitikiana vichwa. Jina lake silijui wala yeye langu halijui, na sijawahi kuona kasoro yoyote katika hilo.

Siku hiyo nilitoka kazini saa mbili asubuhi, nikaoga palepale kazini, nikavaa koti juu ya nguo za kazi na kupanda basi mpaka Aylestone Road. Saa nne u nusu mchezo ulipoanza nilikuwa nimeshakaa, mgongo umeegemea, macho nimefumba. Baada ya saa kumi na mbili chini ya zile taa nyeupe za nyumba ya wazee, macho yangu hayavumilii mwanga. Lakini mchezo naufuata. Naufuata kwa masikio, kama babangu alivyonifunza.

Ukaja mpira mmoja, nikausikia: pu! Sauti ya kitu laini, kama mto uliopigwa kwa ngumi. Kisha mbio za viatu, mkimbio mmoja, yaani alama moja. Nikafumbua macho nikaona penseli ya mzee ikimwandikia mpigaji moja. Basi nikasema, bila kufikiri, "Huo si wake. Umegonga mguu."

Mzee akainua uso. Kule katikati mwamuzi alikuwa ndiyo kwanza anainua goti na kuligusa kwa mkono, maana yake mpira umegonga mguu, haukugusa gongo, na mkimbio huo unaingia kwenye hesabu ya ziada, si ya mpigaji. Mzee akafuta. Akachora pembetatu iliyopinduliwa, akatia nambari moja ndani yake. Kisha akanigeukia, akasema kwa upole kabisa:

"Sikujua kwamba unafuatilia. Nilidhani unakuja kupumzika."

Nikatabasamu. Sikusema neno. Mpira uliofuata ukarushwa.

Nilidhani unakuja kupumzika. Nimeligeuza neno hili kila upande. Nimelisema kwa sauti yake na kwa sauti yangu, jikoni, kwenye basi, nikimkanda miguu bibi mmoja usiku. Kama angelisema kwa dharau ningelitupa siku hiyohiyo, kwani dharau naijua na nina pa kuiweka. Lakini alisema kwa heshima, na amekaa nami miaka, na katika miaka yote hiyo akili yake iliniweka pale kama mtu aliyekuja kutafuta benchi.

Majibu yamenijia baadaye, mengi. Ningemwambia kwamba mimi nilihamia mji huu 2013, mwaka ambao timu haikushinda hata mechi moja ya siku nne. 2014 vilevile, mwaka mzima, hakuna. Ningemwambia nilikuwa wapi Juni 2015 tulipowafunga Essex kwao Chelmsford: nilikuwa chooni kazini, simu mkononi, nikilia kimyakimya mpaka mwenzangu akagonga mlango akiuliza kama kuna msiba. Ningemwambia kuhusu 2022, tulipomaliza tena mkiani bila ushindi hata mmoja, na mimi nikalipia uanachama wa mwaka uliofuata kabla ya kununua viatu vya baridi.

Na mwaka huo uliofuata, 2023, ile fainali ya kombe la ova 50 (ova moja ni mipira sita) pale Trent Bridge! Wiketi sita zimekwisha anguka, yaani wapigaji wetu sita wametolewa, na tuna mikimbio 89 tu. Baba watoto akaniambia zima hiyo redio utajiua. Sikuzima. Harry Swindells akasimama pale, akapiga 117 na hawakuweza kumtoa, tukafika 267, na Hampshire wakaishia mikimbio miwili nyuma yetu. Miwili! Mtu aliyekuja kupumzika hasikilizi siku kama hiyo akiwa amesimama wima jikoni.

Babangu alikuwa mtunza uwanja kwenye klabu moja pale Mombasa. Hakucheza kriketi maishani mwake. Kazi yake ilikuwa nyasi, maji na rola, ule mzigo wa chuma wa kushindilia ardhi, ambao waliuvuta wanaume wanne kabla ya jua kupanda. Nikitoka madrasa Jumamosi nampelekea chai na mahamri, kisha tunakaa chini ya mkungu karibu na banda la vifaa. Ananiambia, "Fumba macho, mwanangu. Niambie umepiga wapi." Gongo likipata mpira katikati, sauti ni ko, kavu na fupi. Likiupata pembeni, ni tik, na hapo unasubiri kelele za walio nyuma ya mpigaji. Mguu ni pu. Nikipatia mara tatu, ananikatia embe bichi na kulipaka chumvi na pilipili kwa kisu kilekile alichofutia kwenye suruali. Kabla ya mechi alikuwa akiinama na kuchomeka ufunguo wa banda kwenye udongo wa katikati, kuona umekauka kiasi gani, halafu ananipa mimi ule ufunguo nishike nione kama umeshika unyevu. Mpaka leo nikiona nahodha wetu ameinama pale katikati asubuhi kuugusa udongo, mkono wangu wa kulia unahisi chuma.

Machi 2003 tulikuwa wote nyumbani redio ikiwa juu ya friji, Kenya na Australia kule Durban, Kombe la Dunia. Aasif Karim, mtoto wa Mombasa, alikuwa ameshastaafu wakamrudisha. Akarusha ova nane na mipira miwili, akatoa mikimbio saba tu, akachukua wiketi tatu za mabingwa wa dunia. Tulishindwa siku ile, lakini Babangu alitoka nje akasimama uani, mikono kiunoni, akawaambia majirani mmoja mmoja, "Udongo wa hapa huu." Alikuwa na haki ya kusema. Miguu ile ilikanyaga nyasi za pwani hii kabla ya kukanyaga za Durban. Alifariki miaka minne baadaye. Tangu hapo sijapata mtu wa kuniuliza umepiga wapi.

Nadhani hapo ndipo panapouma. Kwa mara ya kwanza tangu Babangu nilisema kwa sauti ni wapi mpira umepiga, na jibu nililolipata ni kwamba mwenzangu hakujua kama nipo.

Juzi usiku nilimsimulia yule bibi wetu wa Jinja, ninayemkanda miguu. Yeye aliletwa hapa 1972 Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, na Kiswahili chake bado ni cha dukani, kizima. Hukaa macho kunisubiri nimletee matokeo, nami huyaandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibandika karibu na taa yake. Mbweha, jina la utani la timu, analipenda kuliko jina lenyewe. (Baba watoto yeye ana lake: kwa kuwa David Gower alilelewa Tanganyika utotoni kabla ya kuja kuichezea Leicestershire, basi timu hii kwake ni ya Tanzania na mjadala umefungwa.) Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kisha akasema nini?"

"Akasema hivyo tu, bibi."

"Hapana. Mzee hasemi neno moja. Kisha akasema nini?"

Nikamwambia sikumbuki. Nikamzimia taa. Nikatembea mpaka mwisho wa ukumbi na gari langu la mashuka, na palepale mbele ya lifti likanirudia, lote, kama lilivyotoka.

Alisema, "Ndiyo maana huku kwetu tumekuwa tukipiga makofi kwa vidole."

Alisema hivyo. Alisema mpira uliofuata ukiwa tayari mkononi mwa mrushaji, na mimi nilikuwa nimeshaondoka na lile neno la kwanza, sikusikia la pili.

Nimekaa na hili usiku mzima. Mpigaji wetu akifikisha hamsini, uwanja mzima hupiga makofi, na pale kwenye benchi letu, na lile la nyuma yetu penye mama wa kofia ya majani na kijana wa redio ya sikioni, husikika ta-ta-ta, vidole viwili kwenye kiganja. Nimeisikia sauti hiyo miaka yote nikadhani ndivyo wazee wa hapa wanavyoshangilia. Na ile chupa ya chai! Kifuniko chake anakizungusha taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mtoto mchanga, mkono mwingine umekishika kisilie. Niliona hilo mara mia. Kumbe alikuwa ameambiana na wenzake. Watu wanne watano, wasiojuana majina, waliafikiana kwamba yule mwanamke wa koti la kazini amechoka, asiamshwe.

Nilikaa kwenye kiti cha mapokezi nikacheka peke yangu mpaka machozi. Sijui niite nini nilichokihisi. Lile la kwanza bado linauma, silikani. Lakini ile picha ya mama wa kofia akiwekewa kidole mdomoni na Mzee wa Kitabu kila mara wiketi inapoanguka, nimeibeba tangu juzi na haijapungua utamu.

Msimu umeisha na sasa ni kungoja mpaka Aprili. Mwakani ni Surrey na Nottinghamshire, daraja la kwanza, ambalo hatujalikanyaga tangu 2003. Nimeamua nitakwenda na mahamri, ya iliki, nimkaribishe kwanza yeye kisha nipitishe nyuma. Nitamwambia jina langu. Na nitamwambia wapige makofi kwa viganja, mimi ko na pu nitazisikia tu hata katikati ya kelele.

Sasa ni saa tisa usiku na siwezi kulala, ingawa leo ni zamu yangu ya mapumziko. Mamangu hajapokea simu tangu Ijumaa. Inaita mpaka inakatika. Dada yuko na mtoto mchanga, sitaki kumtia wasiwasi. Jirani anasema alimwona jana akifagia uani, lakini hakumbuki kama ilikuwa jana au juzi. Huko kumekaribia kupambazuka. Nitasubiri waadhini, halafu nipige tena.