Siku yangu na sketi ya "tamaa"

Saa kumi na moja alfajiri niko Likoni, foleni ya feri, mkoba una mkasi, futi ya kupimia na laptopu. Nikisema nafundisha ubunifu wa mavazi, watu hunijibu, "Aa, kumbe fundi." Sikatai.

Saa mbili mpaka saa nne: kuchora pateni, ramani ya vipande vya nguo, kwa karatasi, kama nilivyofundishwa mimi.

Saa nne, kompyuta. 5 kwa wanafunzi 19. Programu inaivisha nguo sanamu ya kwenye skrini, unaona kwapa linabana wapi kabla hujakata hata inchi moja. Zamani tungekuwa tushaharibu marekani mara tatu. Mtaala wa sasa wa umilisi unampima mwanafunzi kwa anachoweza kufanya, na mteja wa mtandaoni anataka kuiona nguo kabla haijashonwa. Kwa hiyo mimi, na mvi zangu, naonyeshwa na watoto jinsi ya kuzungusha picha.

Mara mzazi mlangoni. "Mwalimu, mimi nalipa karo mtoto ajue charahani, si kutazama TV."

Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Nikaeleza. Nikaeleza tena. Stima ikapotea, utadhani ameituma yeye. Bintiye, kutaka kuniokoa, akaleta sketi yake ya leso. Masikini. Programu ilipanga vipande kitambaa kisipotee, na kwa kitambaa cha maua matupu ni sawa. Lakini leso ina pindo pembezoni, ina mji katikati, ina jina, yaani msemo wake. "Japo sipati tamaa sikati" lilikatwa vipande, na "tamaa" peke yake ikatua kwenye makalio.

Mama alicheka mpaka akakaa. "Hiyo kompyuta yenu haijui kusoma?"

Haijui. Kumbe yeye anauza leso Biashara Street miaka mingi. Akatandaza nyingine mezani, akaonyesha pindo liende chini na jina lilale zima juu yake. Kila nilipodhani amemaliza, alirudia habari ya karo. Chai yangu ikapoa.

Stima iliporudi, sijui saa ngapi, tuliipiga leso picha, tukaiingiza kwenye programu na jina lake, tukapanga upya. Kitambaa kilipotea zaidi. Binti nilimpa alama zote.

Usiku miguu iko kwenye beseni, simu inalia. Binti ameiweka ile sketi iliyoharibika kwenye WhatsApp yake. Watu wawili wanauliza bei. Auze ngapi, mwalimu?