Benchi lilikuwa chini ya mwembe lakini juani: uzoefu wangu hapa Ujiji

Habari zenu wapendwa. Mtaani kwetu Ujiji kuna kiwanja cha wazi chenye miembe ile mikubwa ya zamani, mimi na vijana wenzangu tulimuomba mwenyekiti wa mtaa tupasafishe, akakubali, tukachanga hela tukaweka mabenchi sita na maua, tukatangaza hapa ni pa watu wote. Miezi miwili ikapita nawaona walewale tu. Dada mmoja jirani yangu mwenye ualbino anapita pembeni kila siku haingii, na kaka mmoja anayetumia kiti mwendo anaishia barabarani anatuangalia, iliniuma sana.

Nikaenda kwao yule dada, nikamwamkia mama yake, nikauliza mbona huji kukaa na sisi. Akasema, "Kaka, mabenchi yenu mmeyaweka juani." Nikabisha, si yako chini ya mwembe? Akaniambia nenda saa kumi ukakae mwenyewe.

Nikaenda. Yaani sisi Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi afu saa tunatumia ileile ya Dar, kwahiyo jua la utosini kwetu ni saa saba na kuzama ni kwenye saa moja jioni huko, saa kumi bado linawaka kwelikweli na linapenya chini ya matawi likitokea upande wa ziwa, na mabenchi tuliyaweka upande huohuo watu wapate upepo. Kivuli kilishahamia nyuma ya shina. Mimi ningesema joto tu, lakini kwake ni ngozi inaungua, na saratani ya ngozi imeshaondoa wengi wenye ualbino wakiwa bado vijana. Tukang'oa manne tukayapeleka mashariki ya miembe, mawili tukayaacha maana asubuhi kivuli kinakuwa huko.

Bado hakuja. Nikarudi tena, ndo akafunguka, akasema siwezi kukaa mahali sijui nani yuko nyuma yangu. Hapo nikanyamaza. Wa huku mnajua miaka ile ya mauaji ya wenye ualbino, watoto wakawa wanapelekwa kituo cha Kabanga kule Kasulu wakalelewe chini ya ulinzi, sasa mtu aliyekulia kwenye hofu hiyo huwezi kumwambia karibu ujisikie huru ikaishia hapo. Tukakata michongoma yote nyuma ya mabenchi, moja tukaliegemeza kwenye shina kabisa, na wazee wa bao tukawaomba wahamie karibu, wakahama siku hiyohiyo bila maneno. Jumapili yake akaja na mwanae.

Kwa yule kaka shida ilikuwa mtaro. Tulimwaga zege la mteremko wenyewe, limepanda sentimita 25 ndani ya mita moja, akajaribu akarudi kinyumenyume karibu aanguke, ndo akatufundisha kila sentimita moja ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, kwahiyo pale zinatakiwa mita tatu. Tukavunja tukaanza upya. Saruji ya pili nilienda kuomba kwa wafanyabiashara nikiwakumbusha kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu 2010, wawili wakatoa. Na ndani mchanga ulikuwa unameza magurudumu yale madogo ya mbele, tukamwaga moramu tukashindilia. Ningemuuliza kabla ya zege la kwanza tungeokoa mifuko mitatu.

Saivi tumebaki na choo. Cha jirani tunachoazima kina ngazi mbili na ni cha kuchuchumaa, mtu wa kiti mwendo hawezi, kwahiyo anakaa saa moja anaondoka mapema. Tumeshachimba shimo, na juzi kaka kaja na futi yake mwenyewe akampimia fundi mlango, akamwambia ukipungua sentimita 90 usiniite.