Ukuta wangu wa mawe ya mlima

Jiwe la kwanza lilianguka usiku, mwezi wa nne, masika ikiwa imeshika siku ya tatu mfululizo. Nilidhani mgomba umeangukia bati la banda. Asubuhi nikakuta vipande vinne vimelala kwenye maua, na ukutani yamebaki madonge ya sementi, kila moja ukubwa wa andazi. Kuzunguka madonge hayo rangi ya krimu ya nyumba yangu ilikuwa inang'aa vilevile kama siku ilipopakwa. Yaani fundi alibandika mawe juu ya rangi.

Niliumia sana. Ukuta huo ni wa mbele, kama mita 14 za mraba, na nimeutamani tangu nianze msingi hapa Kibosho. Wiki ile kila aliyepita alinishauri nibandue yote niweke vigae vya dukani, vile vilivyochorwa mfano wa mawe. Nikakataa. Mtu unaishi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, volkano nzima, ukichimba shimo la choo unatoa mawe ya kujaza Fuso, halafu ununue picha ya jiwe?

Na mawe hatukuanza kuyajua jana. Ngome ya Mangi Sina, mtawala wa Wachagga wa huku huku Kibosho, ilikuwa na kuta za mawe, na Wajerumani waliishambulia mwaka 1891. Marehemu baba alipanga mawe kando ya mfongo, mfereji wetu wa maji, ili maji yasile kihamba, yaani shamba la nyumbani. Hakutia sementi hata kijiko kimoja, na kipande cha ukuta wake bado kimesimama.

Nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa Uru. Alipofika nilimsalimu, akaitikia, "Marahaba mwanangu, hebu tuyasikilize kwanza." Akatoa sarafu mfukoni, akaanza kugonga jiwe moja moja. Lililoshika vizuri lilitoa sauti nzito, fupi. Lililo wazi nyuma lililia kama debe tupu. Tulihesabu mawe 61 yenye sauti ya debe, na hayo yalikuwa bado hayajaanguka.

Alinieleza akionyesha kwa kidole. Ukiweka sementi donge donge nyuma ya jiwe, unaacha mifuko. Mvua inapita kwenye jointi, maji yanakaa mifukoni, na sementi yenyewe haina pa kung'ata kwa sababu rangi ni laini. Mimi ni mshonaji, nikamwelewa mara moja: ni kitambaa kizuri kilichowekewa bitana iliyoshikizwa kwa pini.

Tukabandua yote. Ukuta ukadonolewa kwa tindo mpaka rangi na plasta laini vikatoka na tofali likaonekana, kisha akapigilia wavu wa waya na kuchapia sementi yenye mikwaruzo ya kung'atia. Kila jiwe lilisuguliwa kwa brashi kwenye ndoo, maana vumbi la grinda likibaki mgongoni sementi inashika vumbi, haishiki jiwe. Ukuta ukaloweshwa, jiwe likapakwa uji wa sementi mgongo mzima, likakandamizwa mpaka uji utoke pembeni. Alianzia chini na kwenye kona, na hakupanda zaidi ya mita moja kwa siku, ili uzito wa juu usisukume ya chini kabla hayajakaza. Kijana wake alitaka kuendelea jioni taa zikiwa zimewashwa. Mzee akamwambia, "Kaoge, baba."

Jambo moja nisingelijua kabisa: jiwe la chini hakulishusha mpaka kwenye udongo. Aliliacha juu ya ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu usipande, karibu sentimita 15 kutoka ardhini. Likigusa udongo linanyonya unyevu, unyevu unaruka nailoni na kupanda ukutani, na baada ya muda unaona unga mweupe unatoka kwenye mawe. Hiyo ni chumvi inayobebwa na maji. Ukiiona, ifute kwa brashi kavu, halafu utafute maji yanaingilia wapi.

Mawe ya kuongezea sikuyatoa mtoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, na mito yetu imeshachoka. Nilinunua kwa jirani aliyekuwa anachimba msingi. Yalipopasuliwa ndipo nilipoona uzuri wake: jiwe jeusi la kijivu, ndani yake punje nyeupe zenye pembe nne zilizolala mshazari, kama kashata zilizomwagwa kwenye sinia jeusi. Punje hizo ni fuwele za madini yaitwayo feldispa, zilikua taratibu ndani ya mlima kabla lava haijatoka. Nimeliweka jiwe moja la namna hiyo usawa wa macho, karibu na kengele ya mlango, na wageni wanaligusa kabla hawajabisha hodi.

Paa nalo nililitaka la mawe, nakiri. Mzee akanipigia hesabu: jiwe la unene wa sentimita 2 lina kilo 50 na ushee kwa kila mita ya mraba. Paa langu ni mita 120 za mraba, kwa hiyo zaidi ya tani 6, bado hujahesabu mapishano, pale jiwe linapolalia jingine. Bati la kawaida halifiki hata kilo 5 kwa mita. Kenchi zangu za msonobari zisingeweza. Nikaweka bati lenye punje za mawe juu. Dukani wanaliita paa la mawe, lakini ni chuma, na mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo.

Sakafuni, jikoni msiweke marumaru nyeupe halisi. Limau likidondoka linaila, inabaki alama isiyo na mng'ao. Na barazani msiweke jiwe lililong'arishwa, mvua ikipiga mama zetu watateleza.

Ukuta umeshapita masika mbili. Kila mvua kubwa ikikatika natoka na sarafu yangu, nagonga kutoka kona ya chini kwenda juu, mistari yote. Mawe yaliyobaki nimeyapanga chini ya mparachichi. Mzee ameahidi kurudi kufanya baraza akimaliza kuvuna kahawa yake.