Pistoni nane juu ya meza ya kulia

Ijumaa, karibu saa sita usiku.

Leo nimeagiza na kulipia pistoni. Wiki tatu nimekuwa nazo kichwani, mpaka watoto wamejifunza neno "mgandamizo" bila kutaka.

Gari ni Chevelle Malibu ya 1970, V8 ya inchi za ujazo 350. Aliyeniuzia alikuwa ameibandika nembo za SS (Super Sport, toleo la nguvu), nami nikajifanya sioni. SS halisi ya mwaka ule ilitoka na injini kubwa, 396 au 454; hii yangu imeazima koti la tajiri. Lakini ikiwaka madirisha yanatetemeka, na hapa Ohio bado hajatokea wa kunihoji.

Silinda ya saba ndiyo iliyotufanya tufungue. Ringi zimekwama, na ukutani kuna mkwaruzo unaokwaruza ukucha ukipitisha kidole. Fundi wa kuchonga amepima, akasema bloku nzima iongezwe inchi 0.030, kutoka 4.000 hadi 4.030. Nikampigia mjomba Mwanza, ambaye amezeekea chini ya malori.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Saizi ya ngapi?"

Nilipomtajia akanyamaza kidogo, anageuza inchi kuwa milimita. "Kama nukta sabini na tano hivi. Chuma bado kipo. Ila usiniletee mbwembwe."

Mbwembwe ndizo nilizokuwa nazitaka, sitamdanganya mtu. Nilishazitolea macho pistoni za kufuliwa (aloi iliyopondwa kwa nguvu hadi ikapata umbo), zenye nundu utosini, kama zile zilizoipa LT-1, injini kali ya Chevrolet ya 1970, uwiano wa mgandamizo wa 11 kwa 1. Ila LT-1 ilikunywa petroli yenye risasi. Pampu yetu inaishia oktani 93, na kwa hedi hizi za chuma injini ingenigongea kila mlima, petroli ikilipuka ovyo ndani ya silinda. Tena pistoni za aloi ya 2618 hutanuka sana zikipata moto, kwa hiyo huachiwa nafasi pana. Asubuhi ya baridi zinacheza ndani ya silinda na kelele unaisikia mpaka injini ipashe. Kwa mashindano, sawa. Mimi naenda kanisani.

Nikahamia za kusubu (zilizomiminwa kwenye kalibu) zenye silikoni nyingi, asilimia 16 hadi 18, ambazo hazitanuki ovyo na hukaa karibu na ukuta. Hapo nusura niingie mkenge. Kuna seti ya bei poa, picha ile ile, saizi ile ile. Nilikuwa nimeshaanza kuandika namba ya kadi nilipotazama urefu kutoka katikati ya pini hadi utosini: inchi 1.540. Ya kiwandani ni 1.560. Nusu milimita tu, utasema. Lakini kwenye bloku hii pistoni ya 1.560 hufika juu ikiwa imebaki inchi 0.025 chini ya uso wa bloku. Ile fupi ingebaki 0.045. Weka gasketi nene juu yake, mchanganyiko wa petroli na hewa unapata pa kujificha badala ya kubanwa na kuvurugwa, na injini huanza kugonga hata kwa mgandamizo mdogo.

Jumatano nilifunika chumba cha hedi kwa kipande cha plastiki chenye tundu, grisi pembeni, nikapiga spiriti yenye rangi kwa bomba la sindano. Sisi (yaani cc, sentimita za ujazo) 64. Nikarudia mara tatu kwa sababu sikujiamini. Basi: pistoni ya 1.560, yenye kisahani cha sisi 12 upande mmoja na upande wa pili bapa, gasketi ya bati ya inchi 0.015. Nafasi kati ya pistoni na hedi inabaki 0.040, uwiano kama 9.6 kwa 1. Pistoni bapa ingenipa zaidi ya 10, na nilikaa na kalamu nikiitamani dakika ishirini nzima.

Zikifika nitazipima uzito moja moja. Mizani nimeshaichukua jikoni, na mke wangu ameshauliza mara mbili iko wapi.