Kupokezana Maji: Safari ya Kuvua Samoni katika Mto Spey

Treni iendayo kaskazini kutoka Perth, Uskoti, hupanda taratibu hadi pito la Drumochter, lililo mita 452 juu ya usawa wa bahari, kisha hushuka, na inapokaribia Newtonmore abiria huanza kuuona Mto Spey ukijipinda bondeni. Nilishuka Aviemore nikapanda basi hadi Grantown-on-Spey, mji mdogo wa Uskoti ambako mgeni anaweza kununua kibali cha kuvua katika sehemu ya mto iliyo chini ya chama cha wavuvi. Kibali hicho si jambo la hiari, kwa kuwa huko haki ya kuvua samoni ni mali yenye mwenyewe, na anayevua bila idhini ya maandishi ametenda jinai.

Nilifika Jumamosi jioni mwezi wa Juni, katikati ya msimu unaoanza tarehe 11 Februari na kwisha 30 Septemba. Kesho yake sikuvua, wala hakuna aliyevua, kwa sababu sheria ya Uskoti inakataza kuvua samoni siku ya Jumapili. Nilitembea ukingoni nikiyasoma maji, ambayo yana rangi ya chai ya rangi kutokana na udongo wa mboji wa milimani, na ambayo yana kasi ya kumwangusha mtu mzima asiyeangalia anapokanyaga.

Jumatatu asubuhi nilikuta wavuvi watatu wamekwisha kuingia katika lindi, yaani sehemu ya mto yenye kina, nililokusudia. Nilisimama ukingoni mpaka mzee aliyekuwa nyuma ya wenzake aliponitazama, nikamwomba ruhusa ya kujiunga. Alinielekeza niingie juu yake, yaani upande yanakotoka maji. Hapo ndipo ulipo msingi wa adabu yote ya mto huu: mvuvi huanzia kichwani mwa lindi, hutupa mshipi kwa mshazari kuelekea ng'ambo, huuacha mkondo uizungushe ndoano yenye manyoya hadi upande wake, kisha husogea hatua moja au mbili kufuata maji kabla ya kutupa tena. Akifika mwisho, hutoka na kurudi nyuma ya wenzake. Anayeganda mahali pamoja huwafungia njia wote walio nyuma yake, na anayeingia chini ya mwenzake humnyang'anya maji ambayo alikuwa bado hajayafikia.

Utaratibu huo una sababu katika tabia ya samaki mwenyewe. Samoni akitoka baharini kupanda mto kwenda kuzaa, huacha kula. Hutulia nyuma ya jiwe au kando ya mkondo, na hakuna ajuaye kwa hakika kwa nini mara nyingine huiuma ndoano. Kwa hiyo kinachogawanywa hapa ni bahati, na sijaona njia ya haki zaidi ya kuigawa kuliko kila mtu kupita mbele ya kila jiwe kwa zamu.

Kabla ya adhuhuri alikuja mtu akaingia moja kwa moja mbele ya yule wa kwanza. Mzee alitoka majini, akamwendea, akazungumza naye kwa sauti ambayo sisi hatukuisikia, na mtu yule akapanda hadi nyuma yangu. Nilipenda kwamba hakuaibishwa mbele ya watu. (Kwangu mimi, aliyekuwa akiongea na simu ukingoni alikera zaidi, ingawa huyo hakuna aliyemsemesha.)

Muda mfupi baadaye fimbo ya kuvulia ya mzee ilipinda; alikuwa amenasa samaki. Waliokuwa chini yake walikunja mishipi mara moja na kutoka majini, ili samaki apate nafasi ya kukimbia bila kunasa mishipi ya watu. Mmoja alileta wavu, lakini hakuugusa mshipi wala samaki mpaka alipoombwa. Mzee alilowesha mikono, akaichomoa ndoano isiyo na kibanzi (kile kijincha cha nyuma kinachozuia ndoano isichomoke) samaki akiwa bado ndani ya maji, akamshikilia kichwa kikielekea mkondo unakotoka hadi alipopata nguvu ya kwenda zake. Hakuna aliyeshangaa kuona samaki mzuri namna hiyo akiachwa. Mwaka 2023 samoni wa Atlantiki wa Uingereza aliwekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kutoweka, na wavuvi wa Spey huwaachia karibu wote wanaowanasa.

Mzee alirudi nyuma ya safu bila kuambiwa, nami nikasogea nikavua maji aliyoyaacha hadi mwisho wa lindi, nisipate kitu.