Jinsi bitiruti tatu zilivyoniokoa kwenye mada ya utando wa seli

Kwa miaka sita niliyofundisha baiolojia ya kidato cha tano hapa Tanga, mada ya utando wa seli, yaani ngozi nyembamba inayoizunguka seli, ilinishinda kila mwaka, ingawa wanafunzi wangu walikuwa wakilipata swali lake kwenye mtihani. Walilipata kwa kukariri, kwa Kiingereza, sentensi moja isemayo kwamba utando hupitisha baadhi ya vitu na kuvizuia vingine, kisha wakachora safu mbili za molekuli zenye umbo la vichwa vyenye mikia. Nilipomuuliza mmoja wao kwa nini mikia ile imegeukia ndani na si nje, alijibu kwamba ndivyo mchoro ulivyo.

Mwalimu mmoja aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi alinishauri niwaambie kwamba utando ni chujio la chai, niishie hapo. Nilimtii kwa heshima ya umri wake, na ushauri huo ukanipotezea mihula miwili. Chujio huchagua kwa ukubwa peke yake, ilhali utando umejengwa kwa fosfolipidi, zile molekuli za mafuta ambazo vichwa vyake hupenda maji na mikia yake huyakimbia, hivyo katikati kuna tabaka la mafuta. Oksijeni hulipenya tabaka hilo bila taabu, lakini ioni ya sodiamu, ndogo kama ilivyo, hukwama kwa sababu ya chaji yake ya umeme mpaka ipate protini ya kuivusha. Mwanafunzi aliyelishwa chujio atakuapia kwamba sodiamu hupita ovyo kwa kuwa ni ndogo, na hapo wa kulaumiwa si yeye.

Hadubini yetu ni moja, na hata zingekuwa kumi zisingenisaidia, kwani unene wa utando ni nanomita 7 hadi 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), kiasi kwamba zingehitajika tando zaidi ya 10,000 kupangwa pamoja ili kufikia unene wa ukurasa mmoja wa daftari. Nikajiambia kwamba kitu kisichoonekana kikiwa kizima huenda kikaonekana kikiharibiwa. Bitiruti ina rangi nyekundu iliyofungiwa ndani ya seli zake, na rangi hiyo haitoki mpaka tando zivunjike. Nikanunua tatu kwa mama anayeleta mboga za Lushoto, kama shilingi elfu mbili na kitu, nikachukua wembe na glasi za nyumbani.

Kwa majivuno niliyokuwa nayo, sikufanya majaribio kwanza. Nilimwalika makamu mkuu wa shule pamoja na mwenzangu wa chujio, nikakata vipande mbele yao kwa mbwembwe za mpishi wa harusi, nikavitumbukiza katika glasi tatu: ya maji baridi, ya vuguvugu na ya moto. Nilikuwa nimekwisha kutangaza kwamba ya baridi itabaki nyeupe. Haikupita dakika tatu, glasi zote zikawa nyekundu, na ile ya baridi ilikuwa haina tofauti na sharubati. Nikaanza maelezo marefu ambayo mimi mwenyewe sikuyaamini, mpaka yule mwenzangu akanikatiza kwa upole: “Mwalimu, naona chujio lako limetoboka.” Darasa zima lilicheka, na makamu mkuu akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na kikao.

Aliyenitoa gizani ni mke wangu, ambaye hajasoma baiolojia tangu kidato cha pili. Jioni ile alikuwa akikata bitiruti iliyobaki, akanionyesha viganja vyake vyekundu, akasema: “Baba, hii ni rangi ya zile ulizozipasua kwa wembe. Si ungeziosha kwanza?” Kila seli iliyopitiwa na wembe imekwisha kupasuliwa utando, kwa hiyo humwaga rangi hata kwenye maji ya barafu. Tangu siku hiyo naviosha vipande mara tano au sita, mpaka maji yatoke meupe kabisa, ndipo navikausha kwa kitambaa.

Kipimajoto hatuna, lakini hilo halikunisumbua, na hapa naomba niruhusiwe kujisifu kidogo. Kikombe kimoja cha maji yanayochemka ukikichanganya haraka na kimoja cha maji ya bomba ya huku kwetu pwani, unapata nyuzi 60 au karibu na hapo. Kimoja cha moto kwa vitatu vya bomba hukupa arobaini na kitu. Glasi ya arobaini ilibaki karibu nyeupe, ya sitini ikaiva wekundu, kwa kuwa joto hulegeza mafuta ya utando na kuharibu protini zake. Vipande vingine nilivilaza kwenye friza ya mama muuza barafu aliye jirani na shule. Vilipoyeyuka asubuhi vilichuruzika rangi vyenyewe, maana chembe za barafu zilikuwa zimezirarua tando. Spiriti nayo ilitoa rangi upesi, kwani huyavuruga mafuta yale yale, ila iwekeni mbali na jiko.

Glasi niliyoipenda kuliko zote ni ya chumvi. Wanafunzi karibu wote walipiga kura kwamba chumvi itatoa rangi nyingi. Maji yalibaki karibu meupe, lakini vipande vikalegea kama bamia lililolala: maji yalikuwa yametoka, rangi imebaki. Binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza kama rangi iliyomo ndani ya vakuoli, ule mfuko wa majimaji ulio ndani ya seli, haivuki tando mbili, wa vakuoli na wa seli yenyewe. Ni kweli, ni mbili, nami sikuwa nimelifikiria hilo.

Kuhusu zile safu mbili, niliwasimulia habari ya Gorter na Grendel, Waholanzi ambao mwaka 1925 walitoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya uso wa chembe zenyewe. Baadaye ilibainika kwamba hawakuyatoa mafuta yote, na pia walikadiria uso wa chembe kuwa mdogo kuliko ulivyo, makosa mawili yaliyofutana, na jibu likabaki sahihi. Makosa yangu hayakuwa na adabu hiyo.

Wiki iliyopita mwenzangu wa chujio alikuja kuniazima glasi na kuuliza duka la bitiruti, kwa kuwa anataka kulionyesha somo hilo darasani kwake mbele ya makamu mkuu. Nilimpa glasi zote sita na kumwelekeza kwa yule mama wa sokoni. Habari ya kuosha vipande sikumgusia.