Dabo ya Pau

Tulikuwa tunacheza briji, mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Nilikuwa na pau tano mkononi: mfalme, malkia, ghulamu, karata ya kumi na karata ya tano. Pembeni ree ya shupaza, nyingine zote takataka. Jirani yangu, anayelima zabibu Hombolo, alikuwa ametangaza moja bila turufu. Mwalimu, mwenzangu, akapasi. Mke wa jirani akasema, "Pau mbili." Nikaziangalia pau zangu, nikamwangalia mama wa watu, nikajisemea moyoni: pau zote ninazo mimi, wewe unatangaza nini? Nikapasi.

Wakaishia tatu bila turufu, yaani wameahidi kula mizunguko 9 kati ya 13. Karata ya kwanza ilikuwa ya Mwalimu. Akatupa uru, kwa sababu uru ndizo zilizokuwa nyingi mkononi mwake na mimi sikuwa nimemwambia lolote. Mkulima akala, akasukuma shupaza. Nikala kwa ree, nikamrushia mfalme wa pau kwa hasira. Akatoa ree ya pau, akaendelea na safari zake. Nilibaki na pau nne safi ambazo hakuna mtu angeweza kuzila, wala mimi sikuwa na pa kuingilia nizitumie. Mlango wangu ulikuwa ree ya shupaza, na nilikuwa nimeshaupita.

Mwalimu akaweka karata chini. Upepo wa Dodoma mwezi wa nane unajulikana, kwa hiyo akazikandamiza kwanza kwa sahani ya zabibu, ndipo akasema: "Mwanangu, wewe na pau zote hizo ulikuwa kimya?"

"Sikutaka tucheze pau, Mwalimu."

"Nani kakutuma ununue ng'ombe? Mimi nilitaka unioneshe zizi tu."

Niseme hapa kwamba mimi nimekulia kwenye wahedi wa sitini, karata za barazani. Barazani kwetu, ukitaka mwenzako ajue una nini unakonyeza, unakohoa, unajikuna sikio, na wapinzani wakikukamata ni kelele na kicheko. Kwenye briji hilo ni kosa kubwa. Ukitaka kuzungumza na mwenzako, lugha iliyoruhusiwa ni ya mnada na karata zenyewe, na wapinzani wana haki ya kuuliza maana yake wakajibiwa. Na mimi mnada nilikuwa nauelewa kama ule wa ng'ombe wa Jumamosi kule Msalato: anayetaja bei anataka mali. Hapo ndipo nilipopotea kwa miezi.

Ile pau mbili ya mama haikuwa pau. Baada ya mwenzako kusema moja bila turufu, pau mbili ni swali: je, una kopa nne au shupaza nne? Swali hilo linaitwa Stayman, kwa jina la Samuel Stayman wa Marekani aliyeliandika mwaka 1945, ingawa aliyelibuni ni mchezaji mwenzake, George Rapée. (Nilipoambiwa hilo nilimhurumia Rapée.) Sasa, mtu akitaja pau bila kuwa na nia na pau, amekuachia nafasi ya bure. Ukipiga dabo, tamko ambalo kwa kawaida ni kudai wapinzani hawatatimiza ahadi yao, pale hujasema kwamba utawashinda. Umesema: mwenzangu, pau ni zangu, karata yako ya kwanza iwe pau. Ningefanya hivyo, ree yao ya pau ingeng'olewa mapema wakati mlango wangu bado upo. Ningekuja kula shupaza moja na pau nne, wao wakabaki na 8. Neno moja tu.

Nikatoka pale na ulevi wa dabo. Kila swali nikalipiga dabo. Wiki iliyofuata mkulima alisema tena moja bila turufu, mkewe akasema uru mbili, ambayo nayo si uru bali ni agizo: mwenzangu, sema kopa. Nilikuwa na uru tano, mfalme kichwani na zilizobaki ndogo ndogo. Dabo! Mkulima akatabasamu, akasema, "Ridabo," yaani dabo juu ya dabo yangu. Wote tukapasi. Alikuwa na uru nne nzuri, na mkewe, aliyezitaja kwanza, akala mizunguko 8 kama alivyotakiwa. Uru mbili za kawaida ni pointi 90. Kwa ridabo, hata bila wao kuwa kwenye hatari (hali inayokuza zawadi na adhabu), zilitoka 560. Mwalimu aliziandika polepole, tarakimu moja moja, bila kunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti langu: karata tano au zaidi, na kubwa zake zifuatane, mfalme na malkia angalau. Mfalme peke yake na wajukuu wake, napasi. Nadhani wanaoanza wengi huumia hapa. Wakishajifunza dabo wanasahau kwamba mpinzani naye ana masikio.

Lakini kilichonifurahisha kuliko dabo zote ni siku Mwalimu alipokaa kimya. Mnada wa mkulima na mkewe ulikwenda hivi: moja bila turufu, uru mbili, kopa mbili, tatu bila turufu. Safari hii karata ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa na shupaza nne ndogo, na mkono ulishaanza kwenda huko. Nikauzuia. Kopa ni za mama, ameshajitangaza. Uru? Zingekuwa za Mwalimu angepiga dabo. Shupaza? Angeweza kusema shupaza mbili kwa bei nafuu. Kilichobaki ni pau, na ili aseme pau ilimbidi apande hadi tatu, ambako mtu mwenye akili zake hapandi bila mkono wa maana. Mimi nilikuwa na pau tatu: malkia, nane na tano. Nikatupa tano.

Bubu, yaani mama, ambaye karata zake hulazwa wazi, akaziweka mezani: pau zake zilikuwa mbili tu, ya tisa na ya mbili. Mwalimu akala kwa mfalme, akarudisha nne. Mkulima akatoa sita, nikala kwa malkia. Nikarudisha nane, ree ya Mwalimu ikaangusha ghulamu wa mkulima, kisha ikafuata kumi, kisha saba. Mizunguko mitano, hata chai haijapoa.

"Mmekonyezana!" mkulima akasema. "Nani anaanza na pau tatu badala ya shupaza nne?"

Mwalimu alikuwa anakusanya karata achanganye. "Muulize," akasema, "ni haki yako. Mimi sikusema neno."